Maji ya Kunawa

Saa kumi jioni Rhobi alifika kwenye lango la kambi ya watalii, juu kidogo ya Kenyamonta, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mkono mmoja ulishika kadi ya mwaliko, mwingine dumu tupu la njano. Mlinzi, Wangwe, ambaye shamba lake limepakana na la Rhobi, alimuuliza kama ndani ya dumu mna kinywaji, maana vinywaji vya kutoka nje haviruhusiwi. Rhobi akalipindua. Akadondoka mjusi mwenye kiu. Wangwe alimruhusu mjusi apite, kisha akamruhusu na Rhobi.

Tangu kambi ilipoizungushia uzio chemchemi, ili wageni watazame machweo bila kusumbuliwa na sura za ng'ombe, hakuna mwanamke wa upande ule anayetoka nyumbani bila dumu, hata akienda msibani. Kiangazi kile ng'ombe wa Rhobi walikufa mmoja mmoja. Alibaki ndama jike, naye alikuwa ameanza kulamba ukuta wa nyumba kutafuta unyevu. Rhobi alikuja kuomba jambo moja tu: lango la chemchemi lifunguliwe walau asubuhi, ndama anywe.

Kadi ilimwalika kama mwakilishi wa jamii kwenye onyesho la mapishi, litakaloambatana na kitindamlo na divai ya kukisindikiza. Jamii ilitengewa kiti kimoja, mstari wa mbele, karibu na mpiga picha.

Mpishi alikuwa Vincent, kutoka Arusha, mwenye kofia ndefu iliyomzuia kupita mlangoni. Alipika keki ya unga wa wimbi mbele ya macho ya watu, akainyunyizia sukari, kisha akawasha kimtungi cha gesi akaichoma juu mpaka ikawa nyeusi. Wageni wakapiga makofi. Kwao Rhobi mwanamke akiunguza chakula husemwa na mawifi mpaka msimu wa mavuno, lakini inaonekana ukiunguza kwa kukusudia, tena hadharani, huo ni ufundi.

Akafuata Vivian, mtaalamu wa divai kutoka Nairobi. Aliwafundisha kuitikisa, kuinusa, kuizungusha mdomoni na kuitema kwenye ndoo ya fedha. Rhobi aliitazama ile ndoo, akamwomba Mungu asamehe, bila kumtajia nani.

Sahani zilipogawiwa kila mtu alianza kula isipokuwa yeye. Mikono yake ilikuwa haijanawa, na kwao mtu hagusi chakula kabla ya kunawishwa, awe askofu au mwizi wa ng'ombe. Mhudumu mmoja akamsogelea na chupa ya divai nyekundu. Alikuwa Joel, mtoto wa shemeji yake.

"Shikamoo mama mdogo. Mbona huli?"

"Marahaba, mura, kijana wangu. Maji ya kunawa yako wapi?"

"Huku hawanawi, mama. Wanatumia uma."

"Na huo uma nitaushika kwa mikono gani?"

Joel aliangaza huku na huku. Maji yote ya kambi yalikuwa kwenye bwawa la kuogelea. Lakini alikuwa kijana aliyelelewa, hakuweza kumwacha mama yake mdogo mbele ya chakula na mikono ya vumbi. Rhobi akaweka dumu chini ya viganja ili asichafue zulia, na Joel akainama akammiminia divai.

Kilichotoka kwenye chupa kilikuwa maji. Yalikuwa na wingu kidogo, na harufu ya udongo mbichi na kwato. Rhobi aliyatambua kama mama anavyotambua kikohozi cha mwanawe kanisani.

"Haya ni ya kwetu," alisema, akaendelea kunawa.

Vivian aliomba tone kwenye glasi yake. Akazungusha, akafumba macho.

"Hii imeweza," alisema. "Nasikia udongo. Halafu kuna ng'ombe hapo, lakini huyo anakuja mwisho mwisho."

Chupa zote zikafunguliwa, na zote zilikuwa hivyo hivyo. Safari hii hakuna aliyetema. Baadaye mwinjilisti Amos alieleza kwamba muujiza huo umo kwenye Biblia, arusini Kana, ila huku umefika kinyumenyume, kama mambo mengi yanayoletwa wilayani.

Rhobi akasimama, akamgeukia meneja, Elkana.

"Meneja, mnayokunywa ni maji ya chemchemi yetu. Fungueni lango. Ndama wangu anakufa."

Elkana alisikiliza ameinamisha kichwa upande, kama alivyofundishwa semina. Kabla hajajibu, redio yake ya mkononi ikakoroma. Alikuwa Wangwe, akiarifu kwamba chemchemi imeanza kutoa divai nyekundu, na nyani wawili wameshapigana.

"Mama, kama ni mimi, ningefungua hata sasa hivi," Elkana alisema kwa huzuni. "Lakini kule sasa ni pombe. Kuwapa wananchi pombe bila leseni ni kosa la jinai. Nawafikiria ninyi."

"Na haya ya kwenye chupa?"

"Hayo ni bidhaa."

Wageni walipiga makofi, maana alikuwa amesema kwa upole sana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga. Ila hawakumwona mwenye shibe anayemwalika mwenye njaa, akampiga na picha.

Langoni Wangwe alilipima dumu kwa mkono, akalikuta na maji. Bidhaa za kambi hazitoki bila risiti. Aliyamwaga akitazama pembeni, na ardhi ikayanywa kabla hajamaliza kuomba radhi. Rhobi alifika nyumbani na mikono yenye unyevu, akampa ndama ailambe.

Siku hizi onyesho hufanyika kila Jumamosi. Vivian amehamia kambini, na Wangwe anajitolea zamu za chemchemi bila kulazimishwa. Rhobi hualikwa kila mara, kwa sababu wageni wameipenda sana ile mila ya kunawa. Chini ya mikono yake huwekwa beseni la shaba, na kinachodondokea humo humwagiwa maua ya mapokezi.

Akimaliza hajifuti. Hutoka upesi, amekunja viganja kama mtu aliyebeba kifaranga, na Wangwe humfungulia lango asije akagusa chochote. Ndama humngoja uani. Hulamba kiganja kimoja, hulamba cha pili, hupita katikati ya vidole mpaka pakauke, kisha humtazama usoni. Rhobi humwambia asubiri Jumamosi.