Samaki Aliyepanda Maporomoko

Samaki hana miguu. Hilo hata mtoto anayejifunza kutambaa analijua, seuze Rosine, aliyesomea viumbe vya majini mpaka baba yake akachoka kuuliza atamaliza lini. Kwa hiyo asubuhi ile, alipoinua wavu wake kwenye kijito cha Ambelo, juu ya maporomoko, akamkuta kongo ya sika akitapatapa ndani, hakujisumbua kuuliza samaki amefikaje. Amebebwa. Swali lilikuwa nani kambeba.

Kongo ya sika ni samaki mnene, wa magamba makubwa, aliyeletwa kwa ajili ya mabwawa ya kufugia. Jina lake la Kilingala, Kongo mpya, linajieleza: si mwenyeji. Akitoroka bwawani akaingia mtoni, anakaa kama mgeni aliyesahau siku ya kuondoka. Anamaliza chakula cha wenyeji, kisha anang'oa majani wanamotagia ili ajenge kiota chake. Vijito vyote ambavyo Rosine alivipima kwenye njia ya Ubundu, ng'ambo ya mto kutoka Kisangani, vilikuwa vimeshavamiwa. Kilibaki Ambelo peke yake, kwa sababu maporomoko yake ni marefu kuliko nyumba. Juu yake waliishi visamaki vyenye mistari myekundu ambavyo Rosine hakuvikuta mahali pengine popote. Alivipenda. Watu walimcheka kwa hilo, naye alicheka pamoja nao, lakini alivipenda.

Kazi hiyo ya kupima vijito aliweza kuifanya kwa sababu ya mama Berthe, dada mkubwa wa marehemu mama yake, aliyemlea katika kijiji kilicho chini ya maporomoko. Berthe ndiye mkubwa wa akina mama wa kukausha. Kiangazi wanaziba kijito kwa udongo na matete, wanajipanga mstari, wanatoa maji kwa mabeseni huku wakiimba na kutukanana, mpaka samaki wabaki matopeni waokotwe kwa mkono. Wanaume wanaovua kwenye maporomoko ya Kisangani, na mitego yao mikubwa kama vibanda, wanajiona wao ndio wavuvi. Akina mama hawabishani nao. Wanakula samaki wao wakanyamaza.

Wana sheria moja tu. Jike kubwa kuliko wote haliuawi; anayemuua, wanasema, atazika mtoto wake. Huyo ni mama ya mayi, mama wa maji, na mkubwa wao humbeba hai, ndani ya beseni lenye maji, akamrudishe kwenye maji yanayotembea. Rosine alipokuwa mdogo alimfuata Berthe nyuma, ameshika pindo la kitenge chake. Beseni tupu Berthe hajawahi kulishika. Linakaa kichwani kama limeota pale. Akiinua mkono kushika ukingo, ujue ndani mna maji.

Rosine alipokuja kueleza ubaya wa kongo ya sika, Berthe alikuwa wa kwanza kukubali, ingawa naye alikuwa na bwawa lake. Alilikausha kijiji kizima kikitazama, akaapa kwa msalaba kwamba hakuna samaki hata mmoja aliyebaki. Wengine wakafuata. Aliyekataa alikuwa papa Faustin, shemasi, mzee mwenye shingo ngumu, aliyesema bwawa lake lina ukingo na wavu na halimdhuru mtu.

Basi hasira ya Rosine ilijua pa kwenda. Alimbeba yule samaki ndani ya mfuko, akashuka nao mpaka uwanja wa kanisa, chifu akaita watu.

"Papa Faustin, ni weye ulipandisha hii samaki," alisema mbele ya wote.

"Mwanangu, naapa mbele ya Mungu, haiko mimi. Kuja uangalie bwawa yangu."

"Alors, ilipanda na pikipiki?"

Watu waliangua kicheko. Mzee alitazama nyuso za watu aliowabatizia watoto, mmoja mmoja. Chifu akatoa amri bwawa lifukiwe, na vijana wakaenda mbio na majembe, maana kazi ya kuharibu haikosi vibarua. Jioni mke wa Faustin alipita kisimani na hakuna aliyemsalimu. Berthe alikuwa amekaa karibu na Rosine wakati wote ule, akimenya karanga. Alimpapasa mkono.

"Kaa kimya sasa, mwana. Imeisha," alimwambia.

Haikuwa imeisha. Wiki hiyo Rosine aliona kiota kwenye kidimbwi cha juu ya maporomoko, duara la majani lililofumwa vizuri. Aliwaomba akina mama wakikaushe upesi kabla vifaranga havijatawanyika. Walikuja wote, Berthe mbele. Siku hiyo hawakuimba, naye Rosine alidhani wamechoka.

Maji yalipobaki kidogo, jike lilikuwa limelala matopeni, vifaranga vimemzunguka kichwa kama moshi. Rosine alilikamata kwa mikono miwili akatafuta alama, ile ambayo siku ya kwanza hasira haikumpa nafasi ya kuitafuta. Zamani, kabla mabwawa hayajafungwa, alikuwa amepima samaki wa kila mwenye bwawa na kuwakata pezi ili awatambue wakitoroka. Wa Faustin aliwakata pezi la kifua upande wa kulia, wa Berthe upande wa kushoto.

Pezi la kulia lilikuwepo, zima. Akamgeuza. La kushoto halikuwepo.

Akamgeuza tena, kana kwamba samaki angebadili mawazo. Kisha alimtazama mama yake mkubwa, na akaelewa yote kwa pamoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema jinsi inavyouma pale unapokumbuka kwamba nguo hiyo ndiyo uliyoishika ukijifunza kutembea.

"Uliapa," alisema. "Na msalaba, mama."

"Niliapa ya kama haikubaki mu bwawa. Haikubaki."

"Ulileta ku Ambelo! Mahali moja yenye ilibakia! Ulijua!"

"Chini mayi yote ilikuwa ya kukauka. Ningemupeleka wapi, yeye na benzake?" Berthe alikuwa akilia sasa, bila kujificha. "Mama ya mayi habamuui, Rosine. Mimi nilizika batoto wawili. Nimebakia na weye tu. Unataka nikuzike weye pia, ju ya samaki?"

"Na papa Faustin? Nilimutukana mbele ya batu, weye ulikuwa pembeni yangu, unamenya karanga!"

Berthe alifuta pua kwa kiganja, tope likabaki shavuni.

Rosine alichukua panga la kukatia matete, akampiga jike kichwani kwa ubapa. Mara moja ilitosha. Mama mmoja aliguna, mwingine akajishika tumbo. Berthe alifumba macho.

"Tutaenda kwa papa Faustin, siye wawili," Rosine alisema. "Utasema na kinywa yako."

"Tutaenda," Berthe alijibu kwa upole. "Acha kwanza nisafishe beseni."

Aliyasema kwa sauti ileile ya utotoni, sauti ya kumfunika mtoto shuka, na Rosine, pamoja na uchungu wote, alimwamini. Angefanyaje? Hakuwa na mama mwingine. Aliinama, akaanza kuzoa vifaranga kwa chandarua, akifikiria maneno ya kumwambia mzee aliyemwaibisha. Dume la jike yule Rosine alikuwa amelisahau. Kiota cha kongo ya sika kinalindwa na wawili, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha akina mama hawa.

Alipoinua kichwa, Berthe alikuwa ameshaanza kuondoka. Beseni lilikuwa kichwani, limefunikwa majani mapana. Njia ya kijijini inashuka, lakini Berthe alishika ile inayopanda, kuelekea chemchemi ya Ambelo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umeshika ukingo.

"Mama!" Rosine aliita.

Berthe aliongeza mwendo, kwa uangalifu, asimwage. Rosine aligeuka kuwatazama wengine, wamzuie, waseme neno. Kila mmoja alikuwa ameinamia tope lake, akichokoa kwa bidii mahali ambapo hapakuwa na samaki. Hakuna aliyeshangaa. Walijua tangu siku ya kwanza, wote, na siku ile kwenye uwanja wa kanisa walikuwa wamecheka pamoja naye.