Kihori Kilichotokea Dirishani

Kihori cha kwanza cha Afra kilikatwa vipande yeye akiwa kliniki kupimwa mguu wa bandia. Aliporudi alikuta gereji imefagiwa, na kaka yake Jaifar amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu aliyetenda hisani.

"Nimeita watu wakichukue," alisema. "Khalas, basi, Afra. Una miaka hamsini na mbili na mguu mmoja. Bahari ya nini?"

Miezi minane nyuma sukari ilikuwa imemla Afra mguu wa kushoto hadi chini ya goti, na tangu hapo alikuwa akiishi kwa Jaifar, huko Hail, nyumba ya pili kutoka ufukweni. Mwalimu wa hesabu aliyezoea kunyamazisha darasa zima kwa jicho, sasa alikuwa akikatiwa nyama sahanini. Akitaka kuinuka, anashikwa. Akiona kiu, analetewa. Jaifar na mkewe walimpenda, na mapenzi yale yalikuwa yanamkaba roho.

Kusema kweli kile kihori kilikuwa kibaya. Alikiunda kwa plaiwudi, kikatoka na kilo ishirini na tano, na asingeweza kukibeba hata hatua tatu. Wala hakuzililia mbao. Kilichomchoma ni kwamba hakuulizwa.

Kesho yake alihamishia kazi chumbani mwake, maana chumba kilikuwa na ufunguo. Kwanza alipima dirisha: upana sentimita tisini. Halafu chumba, ukuta hadi ukuta: mita tano. Basi kihori kitakuwa cha mita nne, upana sitini na tano, na kitakuwa chepesi, kwa sababu atakayekibeba ni yeye.

Akaranda fito hadi zikawa nyembamba kama kidole. Mataruma, zile mbavu za kihori, aliyalainisha kwa mvuke wa sufuria ya pilau, akayapinda moja moja yangali moto. Hakupiga msumari hata mmoja. Kila kiungo alikifunga kwa uzi wa nailoni, akivuta kwa meno. Matatu kati ya mataruma yalimvunjikia mkononi, akachonga mengine.

Siku moja Jaifar aligonga mlango. "Unafanya nini humo?"

"Nnaishi."

"Fungua."

"Sifungui."

"Hii nyumba yangu, Afra!"

"Na huu mwili wangu."

Jaifar aliondoka akilalama kwa Kiarabu. Afra akarudi kwenye kazi yake. Alivisha kiunzi kitambaa cheupe cha poliesta, akakishona katikati, kisha akachukua pasi na kukipitishia moto taratibu hadi kikakaza kama ngozi ya ngoma. Akakipaka vanishi mara nne, dirisha wazi, harufu ikimpanda kichwani. Kilipokauka alisimama juu ya mizani nacho begani, akatoa uzito wake: kilo kumi na moja na nusu. Alicheka peke yake.

Ijumaa, Jaifar alipokwenda kuswali alfajiri, Afra alisukuma kihori dirishani. Nusu yake ilikuwa nje ikielea hewani, na yeye anahangaika kukizuia kisianguke, alipoona mikono miwili imekipokea. Alikuwa Nawar, mke wa Jaifar, na baibui lake kalivaa kinyume kwa haraka.

"Taratibu, wifi," Nawar alinong'ona. "Miezi yote hii nakusikia unaranda. Ulidhani mie kiziwi?"

"Ataghadhibika."

"Na aghadhibike."

Afra alipozunguka nje, Nawar alitaka kusaidia kubeba, naye akakataa. Alikitia begani, kafi la kupigia maji limefungwa ndani yake, fimbo mkono wa pili, akavuka barabara na mchanga, akipumzika mara mbili. Alikuwa keshavaa jaketi la kujiokolea Jaifar alipotokea mbio, kanzu kaikamata mkononi.

"Afra! Wallahi hutoki hapa!"

Afra alikaa mchangani, akafungua mguu wake wa bandia, akamkabidhi. "Nishikie huu."

Jaifar aliupokea bila ya kufikiri, kisha akabaki ameukumbatia, hajui auweke wapi. Alipoinua macho, dada yake alikuwa keshajiburura na kujitumbukiza ndani ya kihori.

Wimbi la kwanza lilimpindua. Akazuka akitema chumvi, kilemba cha kichwani kimekwenda. Jaifar aliingia majini hadi magotini.

"Usiniguse!" Afra alipiga kelele. "Usithubutu!"

Akakigeuza, akamwaga maji, akapanda tena. Wimbi la pili nalo lilimpindua. La tatu alilikabili kwa omo, ncha ya mbele, akatia kafi kulia, kushoto, kulia, na kihori kikapanda, kikashuka upande wa pili, nyuma ya mawimbi, mahali maji yalipotulia.

Kule hakuna aliyemshika. Mabega yalimuuma, yakamuuma vizuri, na kitambaa chini yake kilipumua kila maji yalipopumua. Alisikia jina lake likiitwa kutoka pwani, akapiga kafi kuelekea mbali zaidi.

Jaifar alimnunia siku tisa. Kila asubuhi Afra alitoka na kihori chake begani, mbele ya macho yake, bila ya kuomba ruhusa. Siku ya kumi, wakinywa chai, Jaifar aliuliza huku akitazama kikombe: "Bahari ilikuwaje leo?"

"Nenda ukaitazame," Afra alisema, akamsogezea mkate.