Kope za Jumapili

Kila Jumapili baada ya ibada, Restuta aliketi kwenye kigoda barazani, nyumbani kwao Mlali, na mama yake, Zipora, akalaza kichwa mapajani pake.

"Geukia mwanga, mama," Restuta alisema, kisha akang'oa kwa kibano, moja baada ya nyingine, kope zilizopinda kuelekea ndani ya macho. Ugonjwa wa vikope ulikuwa umezikunja tangu ujana wa Zipora, na zisipong'olewa zilimkwaruza kila alipopepesa. Upasuaji aliuogopa, alisema kisu hakitaingia machoni mwake akiwa hai.

Siku ya usaili wa nafasi ya msaidizi wa utafiti, katika chuo kimoja mjini Dodoma, Dokta Yahaya, mkuu wa maabara ya mwanga, alimpa kila mwombaji uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele, aulaze kwa kibano ndani ya mfereji wa kifaa cha leza. Wengine waliuvunja. Restuta aliulaza mara ya kwanza.

"Mkono huu umeutoa wapi?" Dokta Yahaya aliuliza.

"Kwa mama yangu."

Dokta alicheka, akidhani ni maneno ya adabu tu. Alimpa nafasi kwa sharti moja: vipimo vya leza havikatizwi, hata Jumapili.

Restuta alirudi nyumbani akiwa ameazimia kuikataa. Zipora hakumwacha amalize.

"Nani amekuambia nakuhitaji wewe? Jirani yetu Scolastika atanitoa kope. Wewe unanivuta kama unayeng'oa karanga!"

"Mama, Scolastika amewahi kushika kibano?"

"Anasuka nywele za wasichana wote wa hapa, atashindwa na kope zangu? Nenda, mwanangu."

Restuta akaenda. Kila alipopiga simu aliuliza habari za macho, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Mazima. Scolastika ametoka hapa sasa hivi." Mtama ukavunwa, kiangazi kikaingia, naye akaipenda ile kazi kwa moyo uliotulia.

Maabara ilipofungwa kwa likizo, alinunua kitenge, akapitia kwanza kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiki cha nini tena?"

"Cha asante, kwa kope za mama."

"Kope zipi?" Scolastika alikirudisha kitenge mezani. "Zipora alituambia ulimpeleka hospitali akapona. Mimi sijagusa jicho lake hata siku moja, na siku hizi hatoki kwake."

Zipora alikuwa barazani, akichambua karanga kwa ncha za vidole. Restuta alipiga magoti, akamfunua macho kwa vidole. Kovu jeupe lilikuwa limetanda juu ya macho yote mawili, kama kioo kilichopakwa chokaa. Alikuwa amesoma vya kutosha kujua kwamba mwanga haukuwa na njia tena hapo.

"Kwa nini, mama?"

"Ningesema kweli, ungeenda?"

Restuta alichemsha kibano, akaketi kwenye kigoda, na mama yake akalaza kichwa mapajani pake kama zamani.

"Geukia mwanga, mama," alisema, kwa mazoea.

Zipora aligeuza uso taratibu, akauelekeza ukutani, akatulia kungoja. Restuta aliinama karibu kabisa, ndani ya kivuli cha kichwa chake mwenyewe, akaanza kuitafuta kope ya kwanza.