Jalada la Kijani la Marlys

Profesa Arlene Tvedt alikuwa ameandika vitabu vitatu vya historia, lakini hotuba ya kumuaga mtu hakuwahi kuandika hata moja. Kazi hiyo ilikuwa ya Marlys Ostby, katibu wa Idara ya Historia katika chuo kidogo cha Vesterlund, huko Iowa. Kila mara mtu alipostaafu, Marlys aliandika maneno matamu, akayamalizia kwa aya ya kumshukuru mkuu wa idara, akayatia kwenye jalada la kijani. Arlene, kama mkuu wa idara, aliyasoma kwa sauti nzito, utadhani yametoka moyoni mwake. Watu walifuta machozi, na Marlys alikuwa nyuma anamimina kahawa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Sasa aliyekuwa akiagwa ni Marlys mwenyewe, naye hakustaafu. Aliondolewa.

Mwezi wa pili wanafunzi walikuwa wamepungua, na wakubwa wa chuo wakamtaka kila mkuu wa idara ataje kwa siri nafasi moja ya kufutwa. Arlene angeweza kumtaja mwalimu kijana aliyemwajiri juzijuzi na kujivunia kila mahali. Akamtaja Marlys. Alijiambia kwamba mama wa miaka sitini na miwili si wa kukaa sana, atastaafu tu. Lakini alijua fika kwamba Verlyn, mume wa Marlys, anatibiwa saratani kwa bima ya kazi ya mkewe, bima inayokoma kazi ikikoma. Alijua, akaandika.

Barua ya kumtaja aliichapa ofisini, akabonyeza itoke kwenye printa, akakimbilia darasani. Aliporudi ilikuwa mezani kwake, imefunikwa kifudifudi, kurasa mbili zimepigwa pini. Akatia sahihi, akaipeleka. Wala hakujiuliza imefikaje pale. Kwa miaka ishirini na miwili karatasi zake zilikuwa zikifika mezani zenyewe, na msomi mzima hajui hata printa inakaa chumba gani.

Habari ilipotangazwa, alimwendea Marlys na uso wa msibani.

"Hawa watu wa utawala hawana utu kabisa," alisema.

"Ndivyo?" Marlys alimjibu, akamsogezea sahani ya keki za limau. "Kula, Profesa. Umekonda siku hizi."

Arlene alichukua keki moja, akaondoka haraka. Tangu siku hiyo Arlene akawa anazunguka jengo zima ili asipite mbele ya meza ya Marlys. Aibu ilimtafuna kweli, lakini mdomo aliufumba.

Siku ya kuaga alijifungia tangu asubuhi, aiandike hotuba kwa mkono wake angalau mara hii moja. Kila sentensi aliyoanza ilikuwa uongo. Saa tisa alasiri akaenda ukumbini mikono mitupu.

Meza zilijaa mabakuli ya viazi na nyama ya kuoka, kila mtu kaleta lake, na Marlys alikuwa ameshika birika la kahawa kama kawaida.

"Hata leo unatuhudumia?" Profesa Duane Lokken alimtania. "Mwachie Arlene!"

"Huyu? Huyu ataunguza hata maji," Marlys alisema, na watu wakacheka.

Juu ya meza ya msemaji lilikuwa jalada la kijani.

Arlene alilifungua. Hotuba ilikuwemo, imechapwa safi, herufi kubwa kwa ajili ya macho yake mabovu. Akaanza kusoma. Marlys alijisifu kidogo tu, kuhusu kahawa na maua ya dirishani. Kisha ikaja sentensi hii:

"Alizipanga karatasi zetu zote, hata zile tulizoziacha kwenye printa tukakimbilia darasani."

Sauti ikakatika. Mtu akakohoa. Arlene angeweza kuiruka sentensi, na hakuna ambaye angejua, isipokuwa mmoja.

"Marlys," alisema, "ni mimi. Si utawala. Walinitaka nitaje jina, nikataja lako. Na habari za Verlyn nilikuwa nazijua."

Duane aliweka uma chini. Watu wa kule hawana desturi ya kusemana mbele za watu. Machungu huyamezea na kahawa. Wote waliangalia sahani zao.

Marlys hakuangalia chini. Alimaliza kumjazia Duane kikombe, akaliweka birika mezani.

"Najua, Profesa," alisema. "Ukurasa wa pili ulitoka juu chini. Nikaugeuza, nikazipiga pini zote mbili."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Arlene alianza kulifunga jalada.

"Usifunge," Marlys alisema. "Imebaki aya ya mwisho, ya kukushukuru wewe. Isome."