Kiraka Nyuma ya Kifungo

Mikono yangu haijui kukaa bure. Nimeshonea watu kwa miaka arobaini na mitatu, na hata nikiwa mgeni nyumbani kwa mtu, vidole vyangu vinakwenda vyenyewe kwenye upindo wa kitambaa cha meza kuona kama umelegea. Mjukuu wangu alikuwa akinicheka.

"Mke wangu," ananiambia, maana ndivyo tulivyoitana tangu alipojua kusema, "wewe siku ya kufa utaikagua sanda kwanza, ukiona mshono mbaya unaahirisha."

"Na wewe mume wangu siku hiyo utawahutubia wafiwa mpaka wasahau kulia."

Tunacheka. Hakuna aliyejua nani atamtangulia mwenzake.

Chuoni walimwita Spika, kwa sababu ya sauti. Tangu uchanga, akilia yeye, majirani walikuwa wanafunga madirisha. Wenzake wakamchagua rais wa wanafunzi. Jumanne moja akasimama kwenye mkutano wao, akamtaja mkuu wa walinzi wa chuo mbele ya watu wote, jinsi anavyowazuia mabinti getini na kuwapapasa, eti anawakagua. Ijumaa asubuhi wakamkuta chini ya ngazi za maktaba, hana uhai. Wakasema ameteleza.

Kwa kuwa walisema ameteleza, polisi hawakuzitaka nguo zake. Mhudumu wa chumba cha maiti alinikabidhi mimi kwenye mfuko. Alikuwa amezikunja vizuri, shati juu, kola imenyooshwa, kama zinatoka dukani. Hakuna aliyemtuma. Mtu yule nimemwombea heri mara nyingi kuliko anavyoweza kujua.

Lile shati jeupe nililishona mimi, alivae siku ya kuapishwa. Lilikuwa na damu kwenye kola, na kifungo cha tatu hakikuwepo. Kilikuwa kimeng'olewa pamoja na kitambaa chake, kikaacha tundu la ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Binti yangu, mama yake Spika, alikuwa amelala kitandani kaelekea ukutani. Mimi nikaenda uani, nikalifua shati kwa maji baridi mpaka damu ikatoka. Lilipokauka, nikatia kiraka kwa ndani, mishono midogo midogo, kisha nikachagua kifungo kwenye kopo langu, nikakishona mahali pake. Nikapiga pasi. Sikufikiri lolote. Nilichojua ni kwamba mtoto hawezi kutoka nyumbani kwangu na shati lililotoboka.

Nilipolipeleka, walikuwa wameshamvika nguo nyingine. Nikarudi nalo, nikalitundika nyuma ya mlango wa chumba changu.

Wiki ya tano, msichana mmoja wa chuoni akajitokeza akasema aliona Spika akisukumwa ndani ya gari la mkuu wa walinzi. Daktari akaitwa, akazipitia karatasi zake upya, akasema jeraha la kisogoni si la ngazi. Mkuu wa walinzi akakamatwa. Kisha akaja mpelelezi, mwanamke mwenye sauti ya chini, kuchukua shati.

"Bibi, umelifua?" akauliza.

"Nimelifua, mwanangu."

Akafumba macho kidogo. Nilidhani atanifokea. Akasema, "Ungejuaje," akaandika kwenye daftari lake, akamaliza maji niliyompa, akanioshea gilasi. Hakuuliza jingine. Na mimi habari ya kiraka haikunijia kichwani hata kidogo. Fundi gani anataja kila mshono aliopiga?

Kesi ilianza baada ya mwaka na miezi miwili. Mimi nilikuwa shahidi wa mwisho wa serikali, kwa hiyo sikuruhusiwa kuingia ndani mpaka zamu yangu ifike, siku ya Alhamisi. Binti yangu, anayefanya kazi posta, aliomba ruhusa ya wiki nzima akawa anakwenda kusikiliza. Jumatatu alirudi mchana, akanikuta jikoni namenya viazi. Hakuketi.

"Leo tumefanywa kichekesho, Mama."

"Na nani?"

"Na wakili wake yule wa miwani. Kumbe gari lilipopekuliwa, chini ya kiti cha nyuma walikuta kifungo cheupe, kina uzi na kijitambaa. Mpelelezi akasema ni cha shati la mwanangu. Basi yule wakili akaomba shati, akalishika juu hivi, akaanza kuhesabu kama mtoto wa chekechea. Moja! Mbili! Tatu! Mpaka saba. Akamuuliza mpelelezi, 'Afande, shati hili lilizaliwa na vifungo vinane?' Watu wakacheka, Mama. Pale pale, na mimi nimekaa!"

Kisu kikapita kwenye kidole changu.

"Mbona unatoka damu?"

"Kiazi kimeteleza," nikasema.

Kuanzia hapo sikutulia. Nilifumua upindo wa pazia la sebuleni, nikaushona, nikaufumua tena. Nilikwenda kwa jirani kuomba chumvi na chumvi ninayo. Nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila nilipopita mbele ya mlango wangu niliutazama msumari pale shati lilipokuwa limening'inia. Nilikuwa nimemwondolea muuaji alama yake kwa mikono yangu miwili, kisha nikaipiga pasi.

Jumatano nikamwambia binti yangu. Alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Usiseme," akasema.

"Nisiseme?"

"Mama, hao watu watasema tumelichezea shati lote. Watatupilia mbali kila kitu, hata ushahidi wa yule msichana. Na wewe watakushtaki. Nimeshampoteza mmoja."

Akatoka akaubamiza mlango. Hazikupita dakika tano akarudi na bandeji kutoka duka la dawa, akanifunga kidole, akapuliza juu yake kama nilivyokuwa nikimpulizia yeye alipokuwa mdogo. Kisha akaenda zake.

Alhamisi, kwenye mlango wa mahakama, askari msichana akapekua mkoba wangu. Akatoa mkasi, akatoa sindano.

"Bibi, huku unakuja kumshona nani?"

"Hata mimi sijui, mjukuu wangu. Ninatembea navyo tu."

"Mkasi utaukuta hapa mezani." Sindano aliichomeka kwenye kola ya sare yake. "Hii nikiiweka mezani itapotea."

Nje ya chumba cha mahakama palikuwa na benchi moja. Mwanamke wa rika langu alikuwa amekaa katikati. Aliponiona akasogea, akaondoa mkoba wake, akapapasa ubao kunionyesha nikae.

"Dada, kidole chako kinavuja," akasema. Akanipa kitambaa chake, safi, kimepigwa pasi. "Umeitwa kusema nini?"

"Habari za shati."

Akageuka akanitazama. Kisha akasema, "Basi wewe ndiye bibi yake."

"Ndiye mimi."

"Na mimi ndiye mama yake."

Hakunitajia mama wa nani. Nikainuka nusu, nikaketi tena. Yeye pia hakuondoka. "Kaa tu," akasema. "Benchi halina kesi na mtu."

Tukakaa. Alikuwa anakikunja na kukikunjua kipande cha karatasi, wito wake wa mahakama, mpaka kikawa laini kama kitambaa.

"Mimi nimeitwa nije niseme usiku ule alikuwa nyumbani," akasema.

"Alikuwa?"

Akatazama sakafu. "Bado sijaulizwa."

Wakili wa serikali akapita mbio, mafaili yanamporomoka kwapani. Nikainuka nikamshika mkono. "Baba, nina neno dogo juu ya lile shati."

"Bibi, tumechelewa! Jibu unachoulizwa tu. Ndiyo, siyo. Usiongeze, usipunguze." Akaingia ndani. Faili moja likabaki sakafuni. Mama wa mshtakiwa akaliokota, akampa karani.

Nilipoitwa nikaapa. Mshtakiwa alikuwa kizimbani, mkono mmoja wa koti lake upindo umeachia, na macho yangu, Mungu anisamehe, yalikwenda kwenye ule upindo kabla ya uso wake.

Wakili wa serikali akanionyesha shati. Unalitambua? Ndiyo. Ulilishona wewe? Ndiyo. Ni la marehemu? Ndiyo. Akaketi. Akasimama yule wa miwani, akanitabasamia kwa adabu.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Nasikia wewe ni fundi hodari. Hebu tuhesabie vifungo vya shati hili, taratibu."

Nikahesabu. Kidole changu kilipogusa cha tatu kilisita, lakini sauti ikaendelea. Saba.

"Kuna kinachokosekana?"

"Hakuna."

"Asante sana Bibi. Sina swali lingine."

Wakili wa serikali naye akasema hana swali. Jaji, mwanamke mwenye mvi kama mimi, akasema, "Shahidi, unaweza kushuka."

Sikushuka. Nilimtafuta binti yangu. Alikuwa safu ya pili, anatikisa kichwa polepole: usiseme, Mama. Nikakumbuka Jumanne ile ya mkutano. Spika naye lazima alikuwa na mtu mbele yake anayemtikisia kichwa.

"Mheshimiwa," nikasema, "hakuna kinachokosekana kwa sababu nilikirudisha mimi."

Chumba kikavuma. Wakili wa miwani akaruka juu. "Mheshimiwa, napinga! Bibi ana uchungu, na mwenye uchungu husema lolote."

"Uchungu ninao," nikasema. "Na kiraka kipo. Geuzeni shati, mtazame nyuma ya kifungo cha tatu."

Akaligeuza. Akalisogeza dirishani. Akavua miwani, akaivaa tena. "Sioni kitu hapa."

"Huoni kwa sababu nimeshona vizuri, mwanangu."

Watu wakacheka, hata karani. Jaji hakucheka. Aliomba shati, akapitisha kidole gumba kwa ndani, mara moja, mara mbili, kama mtu anayepapasa paji la uso wa mtoto kuona kama ana homa.

"Pana unene," akasema. "Panaweza kufunguliwa bila kuharibu kitambaa?"

"Kwa mkono wangu, panaweza. Lakini mkasi wangu uko mlangoni."

Wakili wa miwani akapinga tena, jaji akaandika pingamizi lake lote, kisha akaagiza mkasi uletwe. Aliuleta yule askari msichana, na sindano yangu ilikuwa bado inang'aa kwenye kola yake. Wakaniwekea meza mbele ya mawakili wote wawili. Tangu Jumatatu mikono yangu ilikuwa haijapata pa kutua. Iliposhika shati ikatulia.

Nikaondoa kifungo kwanza. Kisha nikaanza kufumua kiraka. Mishono ishirini na sita. Niliikumbuka mmoja mmoja. Huu nilipiga wakati watu wanaingiza viti uani. Huu nilipiga niliposikia mtu anauliza kaburi litachimbwa wapi. Ule wa mwisho niliufunga kwa mafundo matatu badala ya mawili, kwa sababu alikuwa mtoto wa kuchana nguo. Nilipouvuta, tundu likafunguka mbele ya watu kama siku ile.

Mpelelezi akaleta kile kifungo cha garini katika mfuko wa plastiki. Akavaa glavu, akakitoa kwa kibanio, akakiweka juu ya tundu na kukizungusha kidogo. Kijitambaa kilichong'ang'ania uzi kilikuwa na ncha moja ndefu iliyopinda, na tundu lilikuwa na ufa mmoja mrefu uliopinda. Vikakaa pamoja kama chanda na pete.

Hapo ndipo nilipolia. Mwaka mzima nilisema na kila mtu kwamba ameuawa, kumbe ndani yangu, chini kabisa, nilikuwa bado naomba iwe aliteleza. Yule anayeteleza hana wa kumvuta shati kifuani. Nilikuwa nimetia kiraka mpaka huko.

Nilipotoka, mama wa mshtakiwa alikuwa anaitwa. Tulipishana mlangoni. Nikataka kumrudishia kitambaa chake, kimejaa damu yangu. Akakisukuma kifuani kwangu, akaingia. Binti yangu ndiye aliyenisimulia. Alisema wakili wa miwani alimuuliza kama mwanawe alikuwa nyumbani, na yule mama akakaa kimya mpaka jaji akamkumbusha kiapo. Kisha akasema, "Nilimwekea chakula. Asubuhi nilikikuta vile vile."

Miezi mitatu baadaye mwanawe akahukumiwa jela miaka thelathini na mitano. Binti yangu hakushangilia. Alinishika mkono njia nzima, na tulipofika nyumbani akapitia jikoni, akamenya viazi yeye.

Mimi bado sijatulia. Amekata rufaa, na mpaka rufaa iishe shati ni mali ya mahakama. Kila mwezi nakwenda masjala kuuliza. Karani ananijua. "Bado, Bibi," ananiambia kabla sijafika dirishani. Mwezi uliopita akaniambia, "Subiri," akaingia ndani, akatoka nalo ili nilione tu. Wengine vielelezo vyao vimo ndani ya magunia. Hili amelitundika kwenye henga yake mwenyewe, aliyoitoa nyumbani, na tundu limetazama mbele. Nikaweka mikono yangu mgongoni ili isifanye fujo.

Kitambaa cha yule mama nimekifua, kiko kwenye kopo la vifungo. Sijapata wa kumpelekea. Na kwenye pazia la sebuleni nimechomeka sindano, karibu na mlango, nitakapoiona haraka. Uzi mweupe nimeshautunga.