Los Claveles, Nambari 318

Don Hermógenes Zegarra alifundisha jiografia miaka thelathini na minne huko Arequipa, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akisema "sijui." Akiulizwa mto asioufahamu, aliutaja mwingine kwa sauti kubwa zaidi. Basi binti yake Delmira alipompigia simu kutoka Lima na kumwambia atakuja kumpokea kituoni Jumapili asubuhi, mzee alicheka mpaka akapaliwa.

"Unipokee mimi? Kwani mimi furushi?"

"Baba, Lima ni kubwa."

"Lima nimeichora ubaoni kabla hujazaliwa. Nipe mtaa na nambari, yatosha."

Delmira akampa: Los Claveles, nambari 318, wilaya ya Comas. Mzee akaandika mtaa na nambari. Comas hakuiandika. Kwa akili yake, mji wenye mitaa miwili ya jina moja ungekuwa mji wa wendawazimu, na hakujua kwamba Lima kila wilaya ina Los Claveles yake, na nyingine zina mbili.

Ilikuwa mwaka wa tatu baba na binti hawasemezani vizuri, tangu mzee alipotangaza mbele ya jamaa wote kwamba binti wa Zegarra haolewi na kinyozi. Kinyozi mwenyewe, Wilder, alikuwa amesimama papo hapo na sinia ya vinywaji mkononi, na mzee hakumtazama hata usoni. Sasa harusi ilikuwa Jumamosi ijayo, na Delmira hakuzunguka mbuyu: "Ukifika mezani kwetu saa saba, ukampa Wilder mkono, utaniingiza kanisani wewe. Usipofika, ataniingiza mjomba Eleuterio."

Eleuterio! Shemeji ambaye hata kaskazini hakujua iko upande gani! Mzee hakulala siku mbili. Alitunga maneno ya kuomba radhi, akayafuta, akayatunga upya, maana ukweli ni kwamba alimpenda mtoto yule kuliko alivyojipenda mwenyewe, na mwenyewe alijipenda sana.

Akashuka Lima saa moja asubuhi, chini ya lile wingu la kijivu ambalo watu wa Lima huliita mbingu. Alisikitika kwa niaba yao. Kisha akanyoosha tai, akawapita madereva wa teksi waliomwita "bosi" na "mkuu," akaanza kutembea kama mtu aliyetumwa kuukagua mji.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa mama muuza magazeti.

"Los Claveles, mama?"

"Hapo tu, mzee wangu! Moja kwa moja, moja kwa moja, halafu kushoto. Huwezi kupotea."

Yule mama hakuwa na habari hata kidogo. Lakini Lima, mtu akikuuliza njia, kumwambia hujui ni utovu wa adabu; afadhali umpeleke popote, mradi umpeleke kwa moyo mkunjufu. Don Hermógenes alipendezwa naye. Hatimaye, alijisemea, watu wanaojibu.

Kushoto alikuta ukuta. Mtu wa baiskeli ya mikate akamwambia arudi, avuke daraja, ashike kulia. Mlinzi wa benki akamwambia la, daraja ni lile jingine, na akamwonyesha kwa kidevu. Askari wa barabarani hakutoa hata filimbi mdomoni. Alipunga mkono kwa namna iliyotosha kuelekea nusu ya jiji. Saa sita mzee alikuwa amevuka madaraja manne, na mto chini ulikuwa uleule. Jasho lilimtoka mpaka kwenye tai. Bibi mmoja akamsimamisha, akamuuliza kanisa liko wapi. "Kulia, mama, kona ya pili," alijibu bila kupepesa macho, akaendelea na safari yake akiwa na furaha kidogo.

Saa saba na nusu simu ikalia.

"Baba, uko wapi? Chakula kiko mezani."

Mbele yake palikuwa na karakana ya matairi na mbwa mmoja.

"Nimefika, mwanangu. Niko hapa kona."

"Kweli? Basi nashuka nikungoje."

Hapo alianza kukimbia. Mwalimu mstaafu, wa miaka sitini na minane, anakimbia na suti ya kanisani. Akamshika mtu huyu, akamshika yule, na wote, Mungu awalipe, walijua njia. Saa tisa kasoro robo, miguu ikiwaka moto, akainua macho akaona kibao: Los Claveles. Akahesabu milango huku midomo ikimcheza. 310. 314. 318.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na muziki, baluni, na meza ndefu yenye watu kumi na wawili, wali wa kuku na majagi ya chicha, kinywaji cha mahindi ya zambarau.

"Nimechelewa," alisema akihema.

"Hata kidogo!" wakapiga kelele wote. "Ingia, mzee, ingia!" Kila mmoja alidhani ni mgeni wa mwenziwe, na kumuuliza mtu mwenye suti "wewe nani" mbele ya chakula lingekuwa jambo la aibu. Akawekewa kiti, sahani, glasi.

"Delmira yuko wapi?"

Hapakuwa na mtu aliyemjua Delmira.

"Anakuja sasa hivi," akasema shangazi mmoja.

"Yuko jikoni," akasema mwingine.

Moyo wa mzee ukatulia. Akamtazama kijana aliyekaa mbele yake, nywele zimekatwa vizuri kupita kiasi, akajua ndiye. Akasimama. Kama asingesema wakati ule, asingesema tena.

"Kijana," alisema. "Miaka mitatu iliyopita nilikutukana mbele ya watu, nawe hukuwa umenikosea kitu. Nilisema kwa sababu niliogopa mwanangu ataondoka, na nikaona afadhali nimfukuze mwenyewe. Mimi si mwerevu kama ninavyojionyesha. Nisamehe."

Mashangazi wakatoa leso. Kijana, ambaye alikuwa fundi bomba na hajamwona mzee huyu maishani mwake, alizunguka meza akamkumbatia. "Nimekusamehe, mzee," alisema, machozi yakimlenga. Angefanya nini? Bibi wa nyumba, Doña Griselda, aliyekuwa akitimiza miaka themanini siku hiyo, akaamuru mzee aongezewe kuku.

Ndipo simu ikalia tena.

"Baba." Sauti ya Delmira ilikuwa imechoka. "Uko wapi?"

"Niko mezani kwako, mwanangu! Nimeshasema na Wilder. Tumeyamaliza!"

"Wilder yuko hapa na mimi."

Mzee akamtazama kijana. Kijana akatazama sahani yake.

"Baba, nimesimama kwenye hii kona tangu uliponiambia umefika. Wageni wamekula, wameondoka. Mjomba Eleuterio alifika saa tano. Alipotea mara tatu, na mara zote alinipigia akasema amepotea. Sijakasirika. Niambie tu uko wapi, nije kukuchukua. Sasa hivi. Niambie tu."

Jozi kumi na mbili za macho zilimkodolea. Doña Griselda alimtikisia kichwa: sema. Maneno yalikuwa mawili matatu tu, na muda mfupi tu uliopita alikuwa amesema magumu zaidi kwa fundi bomba.

"Usijisumbue," alisema Don Hermógenes, na akajisikia mwenyewe akiwa na sauti ya darasani. "Njia ninaijua. Nakuja mwenyewe."

"Haya, Baba," alisema Delmira, taratibu sana, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto. Simu ikakatika.

Alibaki nayo sikioni. Akaita jina la binti yake, akaita tena. Kisha akageuka, uso umemshuka, akasema kwa sauti ambayo wanafunzi wake wasingeitambua:

"Sijui niko wapi. Sijui Comas iko wapi."

Mikono kumi na miwili ikainuka mara moja, na kila mmoja ukaelekea upande wake.