Mguu wa Kushoto wa Yeshihareg

Katika msitu wa mlima Entoto, juu ya jiji, watu hawakimbii ovyo kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Hukimbia mstari mmoja, wa nyuma akikanyaga pale pale alipokanyaga wa mbele, na wa mbele ndiye mwenye kuchagua njia, mwendo, na mahali pa kukata kona kati ya mikaratusi. Ukitoka mstarini wenzako wakiwa bado wanakimbia, ni kama umenawa mikono na kuinuka wenzako wakiwa bado wanakula. Na ukikimbia peke yako, watu watakuuliza umegombana na nani.

Yeshihareg Demissie aliongoza mstari wa namna hiyo kwa miaka tisa, enzi za usichana wake katika klabu ya kiwanda cha nguo. Wenzake walimfuata hata kwenye ukungu. Kisha ugoko ukaanza kumuuma. Yeye aliamini kwamba kiongozi haumwi, basi akanyamaza wiki tatu nzima, akiufunga kwa kitambaa na kuvuta soksi juu ili mtu asione. Wiki ya nne mfupa ukaingia ufa, klabu ikampa mwingine nafasi yake, na Yeshihareg akateremka zake mtaa wa Shiro Meda kushona magauni. Akakaa kwenye cherehani miaka kumi na minane. Ukimuuliza habari za mbio, alikujibu kwamba ana oda ya arusi na hana nafasi ya porojo.

Mambo yalibadilika mwaka mpya wa Kihabeshi ulipoingia mwezi Septemba, maua ya manjano yalipotapakaa mlimani. Zenebech, muuza pilipili, mwanamke wa kelele nyingi na moyo mkubwa zaidi ya kelele zake, aliingia dukani kwa Yeshihareg akihema.

"Daktari kanitisha, shoga," alisema, akijitupa juu ya marobota ya vitambaa. "Presha imepanda. Ameniambia nitembee. Nikamwambia, mimi nilikuwa mkimbiaji wa klabu, nitembee kama nani? Mwezi wa Hidar kuna mbio kubwa za mtaani, kilomita kumi. Tuingie sote wanne, kama zamani. Mintiwab amekubali, Bizunesh amekubali."

"Na nani atakaa mbele?" Yeshihareg aliuliza, akijifanya anatafuta sindano.

"Nani tena? Mbele si pako?"

Mwanamke yule alifurahi mpaka akashona mkono wa gauni kwenye shingo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, ana mume, ana watoto, ana duka, lakini kilichomkosesha usingizi ni kile kilichovunjika pamoja na ule ugoko: kuwa mbele, na kusikia nyuma yake miguu ya watu wanaomwamini. Wakati huu hakitaponyoka, alijiapia. Zilibaki wiki kumi na moja.

Kesho yake akaenda kwa Mzee Kassahun, mkimbiaji mstaafu mwenye duka la viatu karibu na uwanja wa michezo. Mzee alimwekea jozi tatu za kawaida mbele yake. Yeshihareg hakuzitazama hata kwa jicho moja. Macho yake yalikuwa kwenye rafu ya juu, ambako kiatu cha rangi ya machungwa kiling'aa, soli nene, ngumu, isiyokunjika, kilicholetwa na bingwa mmoja kutoka ng'ambo.

"Hicho ni cha siku ya mbio, mama," Mzee Kassahun alisema. "Tena cha mtu ambaye hakuacha kukimbia hata wiki. Mguu wako umelala miaka mingapi? Hicho kitauamsha kwa kofi."

"Nishushie."

"Tena ni namba ndogo kwako. Na umekuja asubuhi, mguu haujavimba. Rudi alasiri, uje na soksi zako mwenyewe."

"Mzee, unauza au unahubiri?"

Mzee akamshushia. Vidole viligusa mbele, akasema ngozi itatanuka. Mtu mzima akitaka kujidanganya hahitaji msaidizi.

Mintiwab alikuwa muuguzi wa zahanati, na siku ya kwanza msituni alikuja na mpango wake kichwani. Siku tatu tu kwa wiki. Dakika moja kukimbia, dakika mbili kutembea, na kila wiki kuongeza kidogo. Udongo mtupu, lami waiache mpaka karibu na mwisho.

"Pafu linarudi upesi," aliwaambia. "Mifupa na mishipa hairudi upesi. Ndiyo maana watu huumia wakati wanajiona wazima."

"Kutembea!" Yeshihareg alicheka. "Kwani tunakwenda matangani?" Akaondoka, na kwa kuwa aliyeko mbele ndiye mwenye mwendo, wote wakamfuata. Wiki ya pili walikimbia nusu saa bila kupumzika. Wiki ya tatu akawateremsha barabarani, juu ya lami, ili watu wa Shiro Meda wawaone. Na kweli waliwaona. Wauza vitambaa walipiga vigelegele, na Zenebech akawapungia mkono kama bibi arusi huku akitafuta pumzi.

Wiki ya nne kisigino cha kushoto kikaanza.

Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, akiteremka kitandani, ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino ulivuta kama uzi uliokazwa mno. Kisha ukawa unavuta na jioni. Kucha mbili za vidole zikageuka bluu. Yeshihareg alijua vizuri sana ni nini kinamjia. Alikuwa amekutana nacho zamani. Na bado akafanya kile kile. Akakunja vipande vya pamba vya gauni la mteja akavisokomeza kiatuni, akajifunza kutua kwa upande wa nje wa mguu, akakaza uso. Moyoni aliogopa, aliogopa kwelikweli, lakini aliogopa zaidi kusikia mtu akisema, "Basi leo mbele akae mwingine."

Jumapili hiyo walikutana uani kwa Zenebech kunywa kahawa. Zenebech alitoka jikoni na sinia la bisi, anachechemea.

"Msinitazame," alisema. "Nyonga. Tangu juzi."

"Nyonga gani?" aliuliza Bizunesh, mke wa shemasi, mcha Mungu kuliko shemasi mwenyewe.

"Kushoto."

Bizunesh akajishika kifuani. "Na mimi kushoto! Jamani, hili ni jicho la husuda. Siku ile barabarani walitutazama mno. Mimi nilisema, wanawake wazima tusipite mbele za watu tukiwa na suruali. Kesho twende kwenye maji ya baraka."

"Mimi pia kushoto," alisema Mintiwab polepole. Aliweka kikombe chini. "Lakini jicho linalochagua nyonga ya kushoto ya watu watatu, hilo ni jicho lenye cheti cha uuguzi. Zenebech, hebu tembea mpaka kwenye ukuta."

Zenebech akatembea. Mguu wa kushoto ulitua upande wa nje, bega likainama kidogo.

"Bizunesh, na wewe."

Bizunesh akatembea. Upande wa nje, bega likainama. Mintiwab akainuka akatembea mwenyewe huku akijitazama chini: vile vile. Zenebech akaangua kicheko mpaka bisi zikamwagika.

"Loo! Tumekuwa bata wa mama mmoja!"

"Na mama yetu ni nani?" Mintiwab aliuliza. "Siku zote tunakanyaga anapokanyaga nani?"

Wote watatu wakageuka. Yeshihareg alikuwa ameinamia birika, anamimina kahawa katika kikombe ambacho tayari kimejaa.

"Yeshi, simama utembee, dada yangu."

"Kahawa itapoa."

"Ipoe."

Akasimama. Alijaribu kutembea kama malkia, lakini alikuwa amekaa chini saa nzima na mshipa ulikuwa umekaza. Hatua ya tatu akashika ukuta. Alikuwa ameficha kwa soksi, kwa pamba, kwa uso, asijue kwamba msituni nyayo zake zilikuwa zinaeleza kila kitu, na watu watatu nyuma yake wanaiga neno kwa neno.

"Mimi nilidhani ni mtindo mpya," Zenebech alisema kwa sauti ndogo. "Nikajisemea, Yeshi ana siri zake za zamani, nikikanyaga hivyo nitapata kasi."

Yeshihareg akaanza kulia. Hakulia kwa maumivu. "Nilificha nikiwa msichana, nikapoteza kila kitu," alisema. "Sasa nimezeeka na nimeficha tena, na safari hii nimewaumiza na ninyi. Mbele akae mwingine. Mimi niacheni."

Mintiwab alikuwa amekwisha mshika mguu, anabonyeza. "Mshipa haujakatika. Umechokozwa. Majuma mawili hakuna kukimbia, utasimama kwenye ngazi na kushusha visigino taratibu, asubuhi na jioni. Kile kiatu chako cha machungwa kirudi dukani."

"Nanyi endeleeni."

"Tuendelee wapi?" Zenebech alifoka. "Mtu bado anakula sisi tuinuke? Majuma mawili sote tunakaa. Kwanza mimi nilikuwa naomba Mungu atupe mapumziko."

Alasiri moja baadaye Zenebech alimsindikiza kwa Mzee Kassahun, miguu ikiwa imevimba ipasavyo, soksi zao mkobani. Mzee hakusema "nilikuambia". Alikitazama kile cha machungwa, akachomoa vipande vya pamba kimoja kimoja, akavipanga mezani, na hiyo ilitosha kabisa. Kisha akamletea Yeshihareg kiatu cha kijivu, kipana, cha kiume, kibaya kama mkate uliokanyagwa.

"Simama. Kidole changu gumba kinaingia mbele ya vidole vyako? Kinaingia. Kisigino kinatoka ukipanda ngazi? Hakitoki. Sasa tazama, nakikunja: kinakunjika penye vidole, hakikunjiki katikati. Unasikiaje?"

"Sisikii kitu."

"Basi umepata. Kiatu cha kurudia mbio hutakiwi kukisikia."

Zenebech akakohoa. "Na mimi, Mzee, una sidiria za kukimbilia? Maana hizi zangu zinakimbia mbio zao."

Mzee Kassahun akatazama dari kwa unyenyekevu mkubwa. "Mke wangu anafika saa kumi, mama. Hiyo idara ni yake."

Majuma mawili yalipokwisha walirudi msituni, na Mintiwab ndiye akakaa mbele na dakika zake za kutembea. Yeshihareg akakaa mwisho kabisa. Siku ya kwanza, kukaa nyuma kulimkera kama nguo ya kuazima. Mbele yake palikuwa na makalio ya Zenebech, na Zenebech hakuacha kuongea. Lakini aliyezoea kuongoza ana jicho, na jicho halikustaafu. Akawa anaona yale ambayo hakuwahi kuyaona akiwa mbele: Bizunesh anakunja ngumi, Mintiwab anavuta mguu wa kulia akichoka, Zenebech anatua kwa kishindo kwenye mteremko. Alianza kuwaambia. Nao walisikia. Zile nyonga tatu za kushoto zikanyooka moja baada ya nyingine, na Bizunesh akayashukuru maji ya baraka, ambayo alikwenda kuyanywa hata hivyo.

Siku ya mbio ilifika na jua lake la Hidar. Uwanja wa Meskel ulifurika watu maelfu kwa maelfu, wote katika fulana ya rangi moja, ngoma, tarumbeta, wazee waliovaa shuka juu ya fulana. Wanne wale wakajipenyeza mstari mmoja, Mintiwab mbele, Yeshihareg mwisho, kila mmoja akimkazia macho miguuni wa mbele yake asimpoteze. Kilomita tano zikapita kwa raha. Yeshihareg alikuwa anakimbia. Alitaka kumwambia kila mtu mtaani kwamba anakimbia.

Kilomita ya saba, kwenye kilima, kisigino kikavuta.

Hakikuvuta sana. Akakijua papo hapo. Na papo hapo akahisi uso wake unakaza wenyewe, na mguu wake wa kushoto unatafuta ule upande wa nje kama punda anayejua njia ya nyumbani. Zilibaki kilomita tatu. Nyuma yake hapakuwa na mtu wa mstari wake wa kumuona. Angeweza kabisa kufika.

"Inauma!" alipiga kelele.

Ilimtoka kwa sauti kubwa, katikati ya watu wote wale, neno ambalo hakuwahi kulisema mbioni tangu azaliwe. Jozi tatu za miguu mbele yake zikasimama pale pale, wakimbiaji wakawapita kushoto na kulia wakinung'unika.

Mintiwab alirudi akainama. "Sana?"

"Kidogo. Ndiyo kwanza imeanza."

"Basi tunatembea mpaka juu ya kilima."

Zenebech akashika kiuno, akavuta pumzi ndefu, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. "Mungu akubariki, Yeshi," alisema. "Mimi goti tangu kilomita ya tatu. Niliona haya."

"Mimi malengelenge, miguu yote miwili," alisema Bizunesh.

Wakamtazama Mintiwab. Muuguzi akafuta miwani yake kwa fulana, akachukua muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Nyonga ya kulia," alisema. "Tangu jana. Twendeni."

Wakapanda kilima wakitembea, wanne sambamba, wamezuia nusu ya barabara, wakicheka mpaka watu wa ngoma wakageuka kuwatazama.